Sufuria Mbili za Konsolata

Masieda kuna watu wanaojua Kiingereza cha kuombea kazi, na kuna wazee wanaojua Kiiraqw cha kumtukania ng'ombe mkaidi mpaka ng'ombe mwenyewe anaona aibu. Lakini anayejua Kihispania ni mmoja tu, na hakukipata darasani. Konsolata, mjane wa Tluway, alikipata jikoni, kati ya moshi na maganda ya vitunguu saumu. Na kama unadhani lugha ya jikoni ni lugha ndogo, basi hujawahi kusikia masista wanne wa Kihispania wakigombania chumvi.

Alikuwa mpishi wao miaka ishirini na miwili. Masista wakapungua mmoja mmoja. Wa kwanza alizikwa hapahapa, wawili wakaitwa kwao kwa sababu ya uzee, akabaki Sista Begonya peke yake. Huyu alikuwa mwembamba kama ufito, mbishi kuliko punda wa mnadani, mwenye miaka themanini na moja na kikohozi kilichokataa kila dawa. Walipomwandikia arudi Hispania alijibu kwamba kaburi lake liko Masieda na ameshalipenda. Mwezi wa nne mwaka huu akaingia humo.

Mwezi wa sita, baridi ya Mbulu ikiwa imekaa juu ya migomba kama mgeni asiyeaga, Padre Nicodemo alifika kwa pikipiki uani kwa Konsolata. Pale uani kuna bomba la maji ambalo nusu ya kitongoji huchota, kwa hiyo alipita kwanza katikati ya ndoo na vidumu na akina mama waliomwamkia mpaka akachoka kuitikia.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama Modest."

"Milele amina. Shikamoo, Padre."

"Marahaba. Nimekuletea barua imetoka mbali. Mimi nimejaribu kuisoma nikaishia kwenye jina lako." Padre alicheka, akatoa bahasha kifuani. "Ni ya dada yake Sista. Nitapita Alhamisi nichukue majibu, nina safari ya Arusha."

Konsolata alifuta mikono kwenye kitenge, akaipokea kwa mikono miwili. Hakuifungua mbele ya wenye ndoo. Aliingia nayo jikoni, akakaa kwenye kigoda, akaisoma polepole, midomo ikitembea.

Dada huyo anaitwa Miren, ana miaka themanini na sita. Aliandika kwa mkono, herufi zikitetemeka. Alisema kaka yao alikufa mwaka wa korona, hospitali haikuruhusu mtu kuingia, wakamuaga kupitia kioo. Siku ile yeye na Begonya waliapiana kwa simu kwamba kati yao wawili hakuna atakayekufa peke yake. "Begoña alicheka," aliandika, "akaniambia: usiwe na wasiwasi nami, mimi nina Konsolata." Halafu likaja swali lenyewe, mstari mmoja, limepigiwa mstari chini: *Niambie ilikuwaje. Nani alikuwa naye?*

Konsolata alikunja barua, akaiweka chini ya kopo la majani ya chai. Uji ulikuwa unafurika jikoni na hakuuona.

Sasa hapa inabidi tusimame kidogo tuingie darasa, na usinune, hakuna ada. Wahispania wanapotaka kusema jambo lililopita wana njia mbili, na kila moja ni neno moja tu. Walimu wa vyuo wanaziita majina marefu ya kuwatisha watoto, waache nayo. Sisi tukisema "alipika," huenda alipika jana mara moja, huenda alipika maisha yake yote, msikilizaji atajijua. Mhispania hakubali ujanja huo. Lazima uchague kabla hujafungua mdomo.

Konsolata alihangaika na jambo hilo mwaka mzima, mpaka siku moja Sista Begonya alimshika mkono akampeleka kwenye mafiga. Kulikuwa na sufuria ya maharage inachemka.

"Tazama," Sista alimwambia, Kiswahili chake kikitembea kwa magongo. "Hii iko jikoni. Ilianza lini? Hatuulizi. Itaisha lini? Hatuulizi. Inachemka tu. Hii ni moja." Kisha akachukua kitambaa, akaiepua sufuria, akaitua sakafuni. "Hii sasa imeepuliwa. Imekwisha. Unaweza kuhesabu: mara moja, mara mbili. Hii ni ya pili."

Tangu hapo Konsolata hakutaka majina mengine. Wakati uliopita wa jikoni, na wakati uliopita wa kuepuliwa. Nilikuwa nikiishi Masieda, hiyo iko jikoni. Niliolewa, hiyo imeepuliwa. Profesa mwenyewe asingeongeza chumvi hapo.

Lakini mwanafunzi akishajua kisu kinakata wapi, hujifunza pia kukificha. Siku moja Konsolata aliangusha sahani kubwa ya kaure, ile ya sikukuu. Sista alipouliza, Konsolata alijibu kwa Kihispania kwa kutumia sufuria ya jikoni: sahani ilikuwa ikivunjika.

Begonya alivua miwani. "Ilikuwa ikivunjika? Tangu lini? Tangu Krismasi?"

"Sista, ilikuwa tu..."

"Konsolata, sahani inayovunjika bila kwisha haijafika chini. Na hii naiona iko chini." Akacheka mpaka akakohoa. "Nisikilize. Mtu mwenye jambo la kuficha hupenda sana sufuria ya jikoni. Haina siku, haina saa, haina mwenyewe. Nani aliivunja?"

"Niliivunja," alisema Konsolata, akaepua.

Na siku nyingine ilikuwa kinyume. Tluway alipofariki, Konsolata alirudi kazini baada ya matanga, akamweleza Sista habari zote, na kila alipofika kwenye kufa alitumia sufuria isiyofaa: mume wangu alikuwa akifa. *Moría*, alisema, *moría*. Sista akamsahihisha kwa upole, *murió*, alikufa, mtu hufa mara moja tu, hiyo huepuliwa. Konsolata akamtazama, akasema, "Kwangu mimi bado inachemka, Sista." Begonya hakumsahihisha tena siku ile. Alichukua kisu wakamenya viazi wote wawili, ndoo nzima.

Basi huyo ndiye mtu aliyemwambia dada yake: mimi nina Konsolata.

Sasa sikiliza ilikuwaje, maana Masieda nzima haikuijua mpaka Alhamisi ile.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu, Fausta, mkwe wa Konsolata aliyeolewa na mwanawe Modest, alikuwa na mimba ya miezi mitano, ambayo kanga bado iliificha. Modest yuko Babati, fundi ujenzi, hurudi mwisho wa mwezi. Asubuhi moja Fausta alishikwa na uchungu shambani, akajikokota mpaka nyumbani, na kabla pikipiki haijapatikana mtoto alitoka humohumo jikoni, hana pumzi. Konsolata mwenyewe ndiye aliyempokea. Alimfunga kwenye kanga mpya, akamzika nyuma ya nyumba kabla jua halijapanda, wawili tu, yeye na Fausta. Kisha akamwambia Fausta, "Usiseme. Tutasema ulikuwa na malaria."

Kwa nini asiseme? Kwa sababu kwa Wairaqw nyumba iliyotoa kitoto cha namna hiyo ina *meeta*. Zamani nyumba ya meeta ilijitenga. Hamkuingia kwa watu, hamkuazima moto, hamkuchota maji na wenzenu, kwa maana mkosi ule huambukiza, na mgonjwa ukimgusa unammaliza. Siku hizi sisi ni Wakristo, na mambo hayo hatuyaamini. Muulize yeyote atakuambia, na atakuambia kwa sauti kubwa zaidi mchana kuliko jioni. Na Konsolata ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya. Mara ngapi amesimama akawaambia wanawake kwamba meeta ni giza la mababu, Kristo ameshalifuta! Angesimama vipi tena aseme nyumba yangu ina meeta, naomba mtu mwingine akamwangalie Sista?

Hakuamini. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Lakini siku ile baada ya maziko, alipobeba kikapu kwenda kwa Sista Begonya, ambaye kikohozi kilikuwa kimemlaza kitandani, miguu yake ilifika mlangoni ikagoma. Alitazama mikono yake. Mikono hiyohiyo. Akazunguka nyuma, akagonga dirisha.

"Konsolata?" Sista aliita kutoka kitandani. "Mbona huingii?"

"Nina mafua makali, Sista. Nisije nikakuambukiza."

"Ah. Vizuri. Una akili."

Akampitishia uji dirishani, kitanda kilikuwa karibu, mzee akaufikia. Siku ya pili hivyohivyo. Mvua ilikuwa inanyesha kama imetumwa, barabara ya Dongobesh imekatika, masista wadogo wa Kitanzania waliokuwa wakija Jumapili hawakuweza kupita. Konsolata alisimama dirishani chini ya mwavuli wakaongea kidogo. Sista alikuwa anahema kama mtu aliyepanda mlima.

"Mafua yako bado?"

"Bado, Sista."

"Mlango sijafunga," alisema Sista. "Ukipona, ingia tu."

Siku ya tatu asubuhi aligonga dirisha, kimya. Akafikiri amelala, ni vizuri alale. Akaacha bakuli la uji kwenye ukingo wa dirisha, akaenda kupalilia maharage. Saa saba mchana alirudi. Uji ulikuwa umeota ngozi juu na nzi wawili walikuwa wanatembea juu yake. Alimwita Bura, mdogo wake Tluway, anayekaa jirani. Bura alikuja na shoka akidhani watavunja. Hakuvunja kitu. Aliusukuma mlango kwa kidole, ukafunguka. Ulikuwa umerudishiwa tu.

Sista Begonya alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na mlango, blanketi limemzonga mguu mmoja, uso kuelekea mlangoni. Saruji ya kule huwa baridi hata kiangazi.

Watu walisema maskini, amekufa ghafla. Walisema Konsolata amemtunza mpaka mwisho, Mungu atamlipa. Walimwambia hivyo msibani, mmoja baada ya mwingine, wakimshika mkono, na yeye akawa anaitikia, "Amina."

Haya. Turudi kwenye barua.

Jumatatu alinunua karatasi dukani, akakaa nayo mpaka kuku wakaingia bandani, hakuandika kitu. Jumanne Bura alikuja kumsaidia kumenya vitunguu saumu vya mnada. Bura aliishia darasa la nne, lakini husema aliishia hapo kwa sababu walimu waliishiwa. Kanisani huonekana Krismasi na kwenye harusi zenye nyama.

"Shemeji, barua hiyo bado inakutazama tu?" alisema. "Nipe niandike mimi. Kihispania nakijua chote, ni maneno tu ndiyo sina."

"Menya vitunguu, Bura."

"Ninamenya huku ninafikiri, mimi ni mtu wa kazi mbili. Sikia. Andika hivi: dada yako alikufa usingizini, nimemshika mkono, malaika wakaimba. Basi. Bibi wa watu alie kidogo, afurahi, alale. Nani atatoka Hispania kuja kuuliza nzi wa Masieda?"

Konsolata hakucheka. Bura akaendelea, maana kimya cha mtu mwingine kwake ni kiti cha kukalia.

"Kama unaona uongo ni mzito, weka maji. Sema ulikuwa unamtunza. Si ulikuwa unamtunza? Miaka ishirini na miwili! Hilo ni kweli au si kweli?"

Na hapo, bila kujua, mtu wa darasa la nne akawa amegusa penyewe. Konsolata aliweka kisu chini. Alivuta karatasi, akaandika haraka, kama mtu anayeogopa mkono wake utabadili mawazo. *La cuidaba. Le llevaba el uji. Ella tosía y yo le hablaba.* Nilikuwa nikimtunza. Nilikuwa nikimpelekea uji. Alikuwa akikohoa nami nikawa nikiongea naye. Mstari kwa mstari, ukurasa ukajaa. Yote kweli. Hakuna hata neno moja ambalo shetani mwenyewe angeweza kulikana.

Akausoma tena. Kila kitu kilikuwa jikoni. Sufuria ishirini zinachemka, hakuna hata moja iliyotua chini. Katika ukurasa mzima wa barua ya msiba hakuna mtu aliyekufa. Angeisoma Miren kule kwao angemwona dada yake amelala kwa amani, na Konsolata kando yake ameshika kijiko, wakikaa hivyo siku zote. Na Begonya angeisoma angevua miwani.

*Mtu mwenye jambo la kuficha hupenda sana sufuria ya jikoni.*

"Bura," alisema, "sikuingia ndani."

"Wapi?"

"Kwa Sista. Siku tatu. Nilikuwa nampa chakula dirishani. Fausta hakuwa na malaria. Kitoto kilitoka hapa, pale unapokanyaga. Nikaogopa kumpelekea meeta."

Bura aliacha kumenya. Alifuta kisu kwenye suruali, akakiweka juu ya maganda. Akatazama nje uani, kwenye bomba.

"Na bomba?" aliuliza. "Siku zote hizo watu walikuwa wanachota hapo kwako."

"Ningewakataza ningekuwa nimetangaza."

"Mm." Bura alitikisa kichwa. Sauti yake haikuwa na mchezo tena. "Shemeji, mimi ni mpagani wa nusu, nikuambie kitu ambacho katekista hakukufundisha. Wazee hawakuwa wajinga. Nyumba ikiingia meeta inatangazwa. Siku hiyohiyo. Unajua kwa nini? Ili watu wajue nani akuchungie ng'ombe, nani akuletee maji aweke mpakani, nani amlishe mgonjwa wako. Ukijitenga, wengine wanaingia mahali pako. Wewe ulichukua nusu ya mila, ukachukua nusu ya dini, ukazishona. Mila nzima ingemwokoa. Dini nzima ingemwokoa. Hizo nusu mbili ndizo zilizomwacha yule mama sakafuni."

Hakuyasema kwa ukali, na ndiyo maana yalikata. Konsolata alikubali kwa kichwa, mara nyingi, kama mtu anayesikiliza bei na kuona ni halali.

"Sasa utaandika nini?"

"Nenda nyumbani, Bura."

Alichukua ule ukurasa wa sufuria za jikoni, akauweka kwenye moto wa mafiga. Akachukua karatasi nyingine. Sentensi tatu zilimchukua mpaka jua likaenda nyuma ya kilima.

*Begoña murió sola.* Begonya alikufa peke yake. Imeepuliwa, mara moja, hairudi jikoni.

*La puerta estaba abierta.* Mlango ulikuwa wazi. Hii ni ya jikoni, na hapa ndipo mahali pake. Ulikuwa wazi tangu juzi yake, ulikuwa wazi usiku kucha, ulikuwa wazi wakati yeye anapalilia maharage, na hakuna anayejua uliacha lini kuwa wazi.

*Yo no entré.* Sikuingia.

Baada ya hizo tatu, zingine zilikuja zenyewe. Alieleza kitoto, alieleza kanga mpya, alieleza uongo wa mafua. Alipofika kwenye meeta hakupata neno la Kihispania, akaliandika kwa Kiiraqw likakaa pale peke yake kama jiwe kwenye mchele. Hakuomba msamaha. Aliandika kwamba Miren anaweza kumwandikia lolote, atalisoma.

Jumatano alimwita Fausta, akamsomea barua yote kwa Kiswahili, kwa sababu jambo lilikuwa lake pia. Fausta alisikiliza amesimama, amejishika tumbo ambalo halikuwa na kitu.

"Kwa hiyo, mama," alisema, "ni mtoto wangu ndiye aliyemuua Sista."

"Hapana."

"Ulimwogopa. Ulisema nisiseme. Miezi miwili natembea nasema malaria, malaria. Hata Modest nimemwambia ni malaria, anauliza mimba ilienda wapi na malaria. Kumbe ulikuwa unamwona hivyo. Kitu cha kuogopwa."

"Fausta, mtoto wako hakufanya kitu. Ni mimi."

"Hana hata jina," alisema Fausta, akatoka nje. Konsolata alimsikia anachukua jembe, na jembe likawa linapiga ardhi shambani mpaka giza, mahali ambapo hapakuwa na cha kulima.

Alhamisi Padre Nicodemo alikuja. "Umemwandikia vizuri, Mama Modest?"

"Nimemwandikia, Padre."

Aliiweka barua kifuani, akapiga pikipiki teke mara tatu, akaondoka. Jioni hiyo ilikuwa zamu ya jumuiya kusali kwa Zita, jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke ambaye ndoo yake huwa ya kwanza bombani kila alfajiri. Baada ya rozari Konsolata alisimama. Wakadhani ni tangazo la mchango. Aliwaambia yote, kwa mpangilio, bila kulia, na akamaliza kwa kusema uenyekiti anaurudisha.

Taa ya sola ilikuwa inalia kidogo. Zita, aliyekaa naye benchi moja, alivuta kitenge chake akakikusanya miguuni, taratibu, kama mtu anayepisha mtu mwingine akae. Lakini hakuna aliyekuja kukaa.

Wote waliopo ni Wakristo safi, wanaojua litania bila kitabu. Ijumaa alfajiri Konsolata aliamka akasikia bomba linadondosha matone kwenye saruji. Alitoka akasimama mlangoni. Hapakuwa na ndoo hata moja. Kule bondeni, kwenye ukungu, aliona kanga na vidumu vinashuka kuelekea mtoni, mwendo wa nusu saa kwa kilima kile, na kurudi ni mbaya zaidi. Zita alikuwa mbele.

Jumamosi hivyohivyo. Jumapili hivyohivyo. Kanisani benchi lake lilikuwa refu sana.

Jumatatu Bura alikuja. Hakubisha hodi uani kama watu wengine walivyokuwa wakifanya kwa mbali. Aliingia mpaka jikoni, akachukua kikombe cha Konsolata mwenyewe, akaenda bombani akakijaza, akanywa chote, akakijaza tena.

"Baridi," alisema. "Maji ya meeta ni matamu, watu hawajui. Wanamwaga jasho kule mtoni bure."

"Usifanye mzaha, Bura."

"Sifanyi mzaha. Wazee wawili wamesema watakuja kuisafisha nyumba, kama utakubali. Na Padre akirudi mwambie naye aje na maji yake. Safari hii nzima kwa nzima, shemeji, usishone."

Konsolata alikuwa anatazama ukingo wa ukuta, mahali alipokuwa ameweka bakuli lile alilolitoa dirishani kwa Sista. Tangu mwezi wa nne hakuwa amelitumia wala hakuwa amelirudisha. Alilichukua, akalisugua kwa majivu, ndani na nje, mpaka likalia.

Fausta alipita na dumu begani. Alikuwa anatoka mtoni na yeye, akiwa amelipita bomba la nyumbani kwake. Alilitua dumu karibu na mafiga, akampa mkwewe mgongo, akaanza kuchochea moto.

"Mama," alisema bila kugeuka, "nimempa jina. Begonya."

Konsolata alikaa kwenye kigoda, bakuli mapajani. Barabarani pikipiki ilisikika, ikapanda kilima, akanyanyua kichwa. Ikapita.